Mwaka Mwanangu Alipokataa Kijiko

Mwanangu wa kwanza alikataa kijiko siku ileile alipokiona. Alikuwa amefikisha miezi sita na siku mbili. Kijiko chenyewe nilikuwa nimekinunua Lushoto mjini, kidogo, cha plastiki, rangi ya chungwa, na nilikisuuza kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kukichovya kwenye uji. Nilipokifikisha mdomoni mwake akakitazama, akanitazama na mimi, kisha akafunga mdomo kama mtu aliyeulizwa jambo lisilomhusu. Nikasubiri. Nikajaribu tena. Akageuza uso upande wa ukuta, uji ukaishia sikioni.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Shume, nyumbani kwa mama mkwe wangu, ukingoni mwa msitu wa paini. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao; aliondoka asubuhi na mapema amevaa koti zito, akarudi jioni nywele zimejaa vumbi la mbao. Mimi nilikuwa na cherehani yangu dirishani, nikishona sare za shule na kurekebisha suruali za watu. Nilikuwa nimetoka Magoma, huko chini kwenye joto, ambako mtoto anaweza kukaa kifua wazi mchana kutwa na asipate mafua. Shume ndiko nilikojifunza baridi. Nilijifunza kukausha nepi kwa moto wa kuni, kulala na soksi, na kumwamkia mtu asubuhi kwa kusikia kikohozi chake tu, maana ukungu ulikuwa umeziba njia na mwenyewe humwoni. Unasema shikamoo, marahaba inatoka kwenye weupe, na kila mmoja anaendelea na safari yake.

Mama mkwe alikuwa mjane, mkulima wa viazi na kabichi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Hakuwa mtu wa maneno. Na mimi alizungumza Kiswahili taratibu, akichagua. Kishambaa chake alikitumia kwa majirani, kwa kuku na kwa Mungu. Mjukuu alimwita "mume wangu", kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na akirudi shambani jambo la kwanza lilikuwa kuuliza, "Mume wangu ameamka?"

Nilijaribu uji kwa siku tisa. Nilijaribu wa mahindi matupu, nikajaribu wa lishe, nikatia maziwa, nikapunguza maziwa, nikaupoza, nikaupasha. Nilimwimbia. Nilijifanya nakula mwenyewe na kusema "mmm", mpaka nikajiona mjinga. Alifunga mdomo. Akijisahau kidogo, akafungua ili alie, nilipenyeza kijiko harakaharaka, na yeye aliusukuma uji nje kwa ulimi, wote, bila hasira, kama anayenirudishia kitu changu. Maziwa yangu aliyapenda bado, lakini kila aliyepita pale dirishani kuleta nguo alikuwa na neno. Mtoto wa miezi sita hali? Mbona wa fulani anamaliza bakuli? Nikaanza kumwona mwanangu amekonda. Nikaanza kumshika mkono nikipima kwa vidole vyangu.

Siku ya kumi nilifanya nililowahi kumwona mama yangu mzazi akiwafanyia wadogo zangu kule Magoma. Nilikaa chini jikoni, nikanyoosha miguu, nikamlaza chali mapajani, nikambana mikono. Kiganja changu cha kushoto nikakikunja chini ya mdomo wake kama mfereji, nikaumimina uji kwenye kiganja. Mtoto akibanwa hivyo anameza, kwa sababu asipomeza hapati pumzi. Wanawake wengi wamelea hivyo na watoto wao wako hai. Alimeza mara ya kwanza. Alimeza mara ya pili. Mara ya tatu akakoroma, akapaliwa, uji ukamtoka puani.

Sikumsikia mama mkwe akiingia. Nilisikia jembe likianguka mlangoni.

"Acha!" alisema. "Acha huyo mtoto!"

Alikuwa hajawahi kunipandishia sauti tangu niolewe. Alininyang'anya mwanangu, akamgeuza uso chini kwenye mkono wake, akampigapiga mgongoni, akamfuta pua kwa ncha ya khanga aliyojifunga. Mtoto alikohoa, akalia, akatulia. Mama mkwe alinirudishia bila kunitazama, akatoka, akaenda kukaa kwenye jiwe nyuma ya banda la ng'ombe, na hapo akakaa mpaka mume wangu aliporudi.

Nililia, lakini si kwa ajili ya mtoto. Nililia kwa kuaibishwa. Nilijiambia ameniona sijui kulea, mtu wa kutoka tambarare, na kesho kanisani kila mtu atajua. Siku mbili tukawa na salamu tu. Shikamoo mama. Marahaba. Basi.

Siku ya tatu alinitaka nimsaidie kuchambua mbegu za viazi stoo. Nilimweka mtoto kwenye gunia tupu pembeni yetu, ameegemea furushi la blanketi. Tulichambua, vyenye macho mazuri huku, vilivyooza kule. Kisha akasema, bado akitazama viazi:

"Kabla ya mumeo nilikuwa na mtoto wa kike."

Sikuwa najua. Mume wangu hakuwahi kuniambia, na baadaye nilipomuuliza alisema aliwahi kusikia, lakini nyumbani kwao halizungumzwi.

"Alikuwa na miezi saba," mama mkwe alisema. "Ilikuwa wakati wa palizi, na mimi nilikuwa na haraka ya shamba. Nikamlaza kama ulivyomlaza wewe. Uji ukaenda kusiko. Akakohoa siku tatu, kifua kikawa kinalia kama filimbi. Nikambeba mgongoni kumpeleka hospitali, kwa miguu, kupita msituni. Njia nzima nilikuwa namwimbia. Nilipofika nikamfungua, nesi akamtazama, halafu akanishika bega."

Alikitupa kiazi kimoja kwenye lundo la vilivyooza, akakitazama, akakirudisha kwenye vizima.

"Sijui alikuwa ameshakufa tangu wapi. Mimi nilikuwa naimba."

Nilisema "pole mama", kama mtu anavyosema kwa aliyejikwaa. Akaitikia, "Nimeshapoa, mwanangu," akafuta mikono. Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile hajawahi kumshika mtoto mdomo. Waliofuata wote watano aliwawekea chakula mbele, akawaacha. Majirani walisema ni mvivu, mama mkwe wake mwenyewe alisema ana laana, yeye akanyamaza. "Mumeo alikula kiazi kabla hajaota jino," alisema. "Na mwone alivyo. Hapiti mlangoni bila kuinama."

Jioni ile ile tukaanza. Alichemsha viazi mpaka vikawa laini kabisa, akakata kimoja kwa urefu, kinene kama kidole gumba cha mwanaume, ili kitokeze juu ya ngumi ya mtoto. Alitandika khanga kuukuu sakafuni jikoni, akakaa, akamketisha mtoto katikati ya miguu yake, mgongo wima ukiegemea tumbo lake. "Asilale," aliniambia. "Asiegemee nyuma. Na sisi tusiondoke." Akakiweka kile kipande kwenye sinia mbele yake, akaondoa mkono.

Mwanangu alikitazama kiazi muda mrefu. Kisha akakipiga kofi. Akakishika, akakibana mpaka kikatokea kati ya vidole, akashangaa. Akajipaka kwenye nyusi. Akapeleka ngumi mdomoni, akainyonya, akakunja uso, akaitoa, akaitazama, akairudisha. Nilipopiga hesabu ya kilichoingia tumboni haikufika punje. Mume wangu aliingia akiwa bado na koti, akasimama mlangoni.

"Huyu anakula au anapiga lipu nyumba?"

"Mwache mwenzako," mama mkwe alisema. "Anajifunza kazi."

Wiki mbili zikaenda hivyo. Kila chakula kilikuwa uchafu wa kufagia na nguo ya kufua, na maji ya Shume asubuhi yanakata vidole. Kuku walijua saa. Walikuja kusimama mlangoni kabla sijatandika khanga. Nilimnyonyesha kama kawaida, kabla na baada, na nilikuwa na wasiwasi kila siku. Lakini niseme kweli, niliipenda ile saa. Kabla ya hapo saa ya kula ilikuwa vita. Sasa tulikuwa tunakaa watatu sakafuni, moto unawaka, sufuria inatokota, na mama mkwe, yule mtu wa maneno machache, alikuwa anazungumza. Alimsimulia mjukuu kila kitu alichokuwa anakishika. Hiki ni kiazi cha shamba la juu. Hili boga tumepewa na jirani. Alimchemshia karoti mpaka zikawa za kupondeka kwa ulimi. Parachichi lilikuwa linamteleza mkononi kama sabuni, mtoto anapandwa na hasira, ndipo mama mkwe akalikata kipande na kukiacha na ganda upande wa chini lililooshwa vizuri, pa kushikia. Ndizi mbivu aliimenya nusu tu. Sikuwahi kufikiria kwamba ganda la ndizi ni mpini.

Siku moja nilipokuwa nambadilisha nepi nikaona vipande vya karoti, vyekundu, vizima kabisa. Nilipiga kelele mpaka mama mkwe akaja mbio akidhani kuna balaa. "Anakula!" nilimwambia. "Mama, anakula!" Alitazama nepi, akanitazama, akaanza kucheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo, mkono kwenye mbavu, machozi yanamtoka, na mimi nimeshika ile nepi kama cheti.

Kliniki ya mwezi ule haikunifurahisha. Mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umelala, haukushuka lakini haukupanda. Nesi, binti mwenye umri kama wangu, alinihoji anakula nini, na nilipomweleza akaweka kalamu chini. Nilidhani atanifokea. Akaniuliza maswali: Anakaa mwenyewe? Unamwacha peke yake? Vipande ni laini? Kisha akasema, "Kula mwenyewe si tatizo, dada. Tatizo ni viazi na karoti peke yake. Mpe na maharage yaliyopondwa, yai lililoiva, dagaa wa kusaga. Uji usimnyime, mpe kwenye kikombe ashike mwenyewe." Akanionyesha pia jambo ambalo bado nalikumbuka neno kwa neno. Mtoto akikohoa na kutoa sauti, amekuwa mwekundu, mwache, anajisaidia mwenyewe. Akinyamaza, hatoi sauti, hapumui, hapo ndipo umlaze kifudifudi mkononi, kichwa chini, umpige mgongoni katikati ya mabega. Alinifanyisha mazoezi kwa kutumia blanketi lililokunjwa, mbele ya akina mama wote kwenye foleni.

Somo hilo lilinifaa kabla wiki haijaisha. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mama mkwe bado na kitenge chake cha ibada. Mtoto alikuwa katikati ya miguu yake kama kawaida, na mkononi alikuwa na ndizi ya kupika, laini. Aling'ata kipande kikubwa kuliko alichozoea. Ghafla akatoa macho, ulimi ukatoka, akaanza kukohoa, uso mwekundu mpaka masikioni.

Niliruka. Mkono wangu ulikuwa tayari njiani kuingia mdomoni mwake nikitoe kile kipande kwa kidole. Ndipo nikamwona mama mkwe. Alikuwa amekauka. Mikono yake mikubwa ilikuwa hewani pande zote mbili za mtoto, haimgusi, na macho yake hayakuwa jikoni mle. Alikuwa kwenye ile njia ya msituni. Nikajua hapo kwamba akili ya pale jikoni ilikuwa imebaki ni yangu peke yangu.

Nikarudisha mkono. Nikasikiliza. Mtoto alikuwa anakohoa, na kukohoa kulikuwa na sauti. "Anatoa sauti, mama," nilisema. "Msikilize. Anapumua." Nadhani nilikuwa najiambia mwenyewe. Nilipiga magoti mbele yake, mikono tayari, nikahesabu kimyakimya. Akakohoa tena, kwa nguvu, na kipande kikaruka nje kikatua kwenye sinia.

Tukakitazama wote watatu. Mtoto alivuta pumzi. Akainama, akakiokota kile kile kipande kwa vidole vyake, akakigeuza, akakirudisha mdomoni. Akakitafuna kwa ufizi, taratibu, akameza.

Mama mkwe alishusha mikono yake, akamkumbatia kwa nyuma, akaweka uso kwenye kichwa chake. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Sikujua analia au anacheka, na sikumuuliza. Alisema kitu kwa Kishambaa, chini chini, na mimi nilikuwa nimeshajifunza vya kutosha kuelewa kwamba hakuwa anasema na mjukuu wake. Alikuwa anamwita mtu mwingine, yule wa miezi saba, kwa jina lake. Nikasimama, nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Baada ya hapo mwanangu alianza kula kama mtu aliyepewa ruhusa. Alikula maharage kwa kuyashika moja moja, nikiwa nimeyabonyeza kwanza. Alikula ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa dagaa. Alikunywa uji kwenye kikombe cha bati chenye vishikio viwili, nusu kinywani, nusu kifuani, na hakuugomea tena, maana sasa alikuwa anajinywesha. Jioni moja mama mkwe alikuwa anakula makande, mtoto akatambaa mpaka kwake, akazamisha mkono kwenye sahani yake bila hodi. Mama mkwe alimwinamishia sahani, akamtolea punje za mahindi pembeni moja baada ya moja kwa sababu ni ngumu, akamwachia maharage.

Kliniki iliyofuata mama mkwe alisema atanisindikiza. Alivaa viatu. Mstari ulikuwa umepanda, si kidogo, na nesi aliuchora akitabasamu. Mama mkwe hakujua kusoma vizuri lakini mstari unaopanda aliuelewa. Tulipotoka, kwenye benchi alikuwa amekaa binti mmoja mdogo, pengine ndiyo kwanza uzazi wake wa kwanza, amemlaza mtoto mapajani na chupa ya uji mkononi, mtoto anajipinda. Mama mkwe alisimama mbele yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikijua Kiswahili chake cha kuchagua kinavyoweza kusikika kama karipio.

"Mwanangu," alimwambia, "mkalishe. Mkalishe tu. Mimi najua."

Binti akamtazama, akamkalisha mtoto. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akaendelea na njia.

Mwanangu alipokaribia miaka miwili mume wangu alipata kazi Mombo, kwenye duka la mbao kando ya barabara kuu, tukahama. Mama mkwe hakutaka kuteremka. Alisema joto la Mombo litamwivisha. Alitufungia viazi kwenye kiroba, akambeba yule "mume wake" mpaka kituoni, akamkabidhi dirishani. Mtoto alikuwa na kiazi kilichochemshwa mkononi na hakuona sababu ya kulia.

Sasa yuko darasa la tatu, anakula haraka mno, na hakumbuki chochote cha Shume isipokuwa kuku. Mdogo wake wa kike alizaliwa hapa Mombo. Alipofikisha miezi sita nilitandika khanga sakafuni, nikachemsha viazi, nikamketisha wima katikati ya miguu yangu, nikamwekea sinia. Alivitazama vile viazi kama mgeni aliyeletewa oda ya mtu mwingine. Siku tatu hakugusa. Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, nikachukua kijiko cha chai nikachota uji. Akafungua mdomo hata kabla sijamfikia. Alimaliza kikombe.

Nilimpigia simu mama mkwe.

"Anakula?" aliuliza, kabla hata ya salamu kwisha.

"Anakula, mama. Lakini huyu anataka kijiko."

Nilisikia upepo wa kule juu ukipita kwenye simu.

"Amekaa?"

"Amekaa wima."

"Anafungua mdomo mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Basi mpe," alisema. "Kama anaomba, mpe."

Akanieleza habari za shamba, kwamba viazi vimeota vizuri lakini mvua imezidi, kwamba jirani amepata mjukuu, kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu ndefu ya mwisho. Alifariki msimu wa baridi uliofuata, baada ya kuugua kwa muda mfupi, nyumbani kwake, na tulipanda Shume usiku mmoja kabla ya maziko. Asubuhi, wakati wanaume wanachimba, niliingia jikoni kuwasaidia wanawake kumenya. Walikuwa wamejaa, mabinti na wazee, sufuria kubwa tatu motoni, watoto wachanga wamefungwa migongoni. Mama mmoja aliyelingana naye umri alinisogezea kisu na beseni la viazi, akaniuliza mimi ni nani kwake.

"Mkamwana wake," nilisema. "Nilikaa naye hapa nilipomzaa wa kwanza."

Akanipisha nafasi karibu na moto, tukaanza kumenya.